Ile Picha ya Kiti Tupu

Kate, tumbukiza mkono kwa huu unga. Tumbukiza, ni unga ya chapati, haiumi. Sasa useme: "Nikimwambia Karambu hii maneno, chapati zangu zote zikauke kama sahani mpaka nizeeke." Sema. Unacheka? Hata mimi nacheka, na hii sauti yangu mpaka majirani wamejua nacheka, lakini hapo kwa Karambu sichezi. Mwambie mwingine yeyote ukishindwa kabisa, najua tumbo yetu sisi watu wa huu ukoo haiwekangi kitu. Lakini Karambu, hapana. Umeapa? Haya. Leta hiyo sufuria, tukande tukiongea.

Unamjua Kinanu wa fremu. Duka yake iko hapo mtaa wa Wabera, barabara ya msikiti, mkabala na mahali nauzanga mandazi. Ukuta mzima ni picha: watu wa graduation, maarusi, aya za Kurani za dhahabu, Bikira Maria, na machifu wamenuna. Na unajua Kinanu ni mashoto. Si mashoto kidogo! Anakata kioo kwa kushoto, anapiga misumari kwa kushoto, anaandika kwa kushoto mpaka maandishi yake yote yanalala nyuma kama nyasi ya mvua. Anakupa chenji kwa kushoto, mama za Kiborana wanaangalia huo mkono wanaangalia kando. Mimi nilikuwa namwambia, "Kinanu, siku ya kwenda mbinguni utamsalimia Petero na huo mkono?" Ananijibu, "Atazoea." Woi, tunacheka mpaka mafuta yangu inaungua.

Bwana yake alimwacha kitambo, akaenda Maua na mwanamke wa miraa. Mtoto hakupata. Alikuwa na Karambu tu, dada yake mdogo, alimlea tangu mama yao azikwe. Hizo fremu ndizo zilimsomesha, zikamlipia kozi ya saluni. Ukimgusa Karambu, umemtoa Kinanu macho.

Sasa Karambu akapata Luke. Mwalimu, mpole, mtoto wa Magdaline wa duka ya vitambaa, yule sisi tunaitanga Mama Luke. Ruracio, ile siku ya mahari, ikawekwa Jumamosi fulani, wiki tatu mbele. Na Mama Luke akasema anataka picha kubwa ya huyo msichana aweke kwa sitting room yake, wageni wazoee uso mapema.

Hiyo wiki kanisa fulani kule Burat walikuwa wanauza vitu za nesi mmoja wa zamani, mzungu wa Amerika, aliishi huko mpaka akazeeka akarudi kwao kufa. Kinanu akaenda kutafuta vioo. Akarudi na boda imebeba fremu kubwa kama mlango ya kabati, yeye mwenyewe ameikumbatia hivi, mguu umeangalia Meru na mwingine Marsabit. Nilicheka!

Ndani ilikuwa na picha. Nyeusi na nyeupe. Si ya kamera, Kate, na si ya rangi. Ilikuwa mistari. Mistari myembamba kama nywele ya mtoto, elfu na elfu, imepangwa, na ukisimama mbali hiyo mistari inakuwa nyumba. Chumba, meza, dirisha upande wa kushoto, watu wanne wamevaa nguo za zamani wameketi. Kwa kona kuna mwanaume amewapa mgongo, ameinamia kameza kadogo. Na kwa meza kubwa kuna kiti moja haina mtu. Wale wanne wote wanaangalia hiyo kiti, kama mwenyewe ameenda choo na wao wanamngojea.

Chini ya picha kulikuwa na karatasi nyeupe, upana wa mkono, na maandishi ya Kizungu madogo madogo: nani alichora, nani alichonga, ilifanyiwa nani, mji gani wa Amerika, mwaka elfu moja mia nane hamsini na kitu.

Fremu ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Kinanu akachukua fremu yake moja ya hizi zinakujanga tayari kutoka Nairobi. Picha ikawa ndefu kuliko fremu. Na picha ikiwa ndefu, Kinanu hufanya nini? Anakata. Si amekata maelfu? Akaweka rula, akapitisha kisu, krrr, ile sehemu ya maandishi ikatoka yote.

Lakini hakutupa. Karatasi ilikuwa nzuri, nene, kama kadi ya harusi. Na unajua hiyo tabia yake: kila picha ya mteja, kabla aifunge, anagundisha kipande cha karatasi nyuma na jina la mwenyewe, ndiyo zisichanganyikane. Siku hiyo kazi ilikuwa kwa mkono ni ile picha kubwa ya Karambu. Akageuza hicho kipande, upande safi ukaangalia juu, akaandika KARAMBU na ile kalamu yake nene, akapaka gundi, akagundisha. Kazi imeisha. Ile ya mistari akaiangika juu ya meza yake ya kazi, ingoje mtu wa kununua.

Kesho yake akapata vumbi.

Kidogo tu, kwa meza. Vumbi nyeusi, inang'aa, kama mahali mtu amenoa kisu. Akafagia. Akaenda lunch, akarudi, ikakuwa hapo tena, mahali pale pale, chini ya ile picha. Siku ya tatu akavuka barabara akakuja kwangu. Hakusalimia.

"Wewe unakaa hapa mchana wote. Nani anaingianga duka yangu nikienda kula?"

"Hakuna mtu. Saa saba watu wako msikiti. Hata mbwa zimelala."

Akaniangalia na jicho moja mbaya. "Na wewe unakuwanga wapi?"

Mimi! Mwenye mandazi! Kwani vumbi nitakulia chai? Nilikasirika nikamnyima mandazi siku mbili.

Akaacha kuniuliza. Siku iliyofuata, saa saba, akafunga mlango kutoka ndani akakaa kwa stuli, giza kidogo, jua inaingia kwa ufa ya mlango kama uzi. Akangoja. Muadhini akamaliza. Barabara ikanyamaza. Halafu akasikia.

Krr.

Kimya kidogo.

Krr. Krr.

Kama sindano inakwaruza sahani ya chuma, polepole, mtu hana haraka, mtu anajua kazi yake. Na harufu ikashuka: chuma moto, wino, mafuta yameungua. Sauti ilikuwa inatoka juu. Akainua macho kwa picha na hakuna kitu kilikuwa kinasonga, watu wanne wako, kiti iko, yule wa kona amewapa mgongo. Lakini Kinanu akaanza kujiuliza, huyu mtu wa kona, hiyo kiwiko ya mkono wake jana ilikuwa juu hivi ama ilikuwa chini?

Luke ndiye alikuja kuchukua picha ya Karambu. Akaona ile ya mistari, na unajua walimu, hawezi pita kitu bila kufundisha. Akaipiga picha na simu, simu ikamtafutia.

"Dada, hii ni kopi," akasema. "Zamani huko Amerika mtu alikuwa anachora picha ya rangi, moja tu, tajiri anaiweka kwake. Sasa watu wa kawaida watapata wapi? Ndiyo mwingine anaketi na bamba ya chuma na kitu kali, mwaka mzima, hata mbili, anainakili mstari kwa mstari. Wanapaka wino, wanachapisha elfu. Ona, hii ndiyo ile ya rangi yenyewe."

Kinanu akaangalia simu. Dirisha ilikuwa upande wa kulia.

"Mbona yetu iko kushoto?"

"Ukichonga vile unaona, ikichapishwa inatoka kinyume. Kama kioo."

"Na huyu wa kona?" Kinanu akashusha sauti. "Kwa hiyo ya rangi yuko?"

Luke akakuza na vidole, akatafuta. "Hayuko."

"Na kiti?"

"Kiti hakuna." Akacheka. "Labda mchongaji alijiweka mwenyewe. Wasanii, dada!" Akabeba picha ya bibi yake mtarajiwa, akaenda.

Siku mbili hazikuisha, Karambu akatoka mistari.

Ilianza hapa, chini ya sikio. Alama nyembamba, zimepangwa kama zimepigwa na rula. Haziumi, hazitoi damu. Akafikiri ni relaxer ya saluni. Akapaka mafuta, akapaka krimu, kesho zimeshuka mpaka taya. Halafu rangi ikaanza kumtoka. Kate, mimi nimeona hii na macho yangu: alipakwa rangi ya kucha nyekundu, nyekundu ya damu, kabla ikauke imekuwa majivu. Akipaka lipstick, ni majivu. Ukimwangalia kwa jua unafikiri jicho yako ndiyo ina shida.

Sasa hapo mji ukaanza kuangaliana.

Kinanu alikuja kwangu, tulikuwa tumepatana, akaongea kwa sikio yangu mpaka nikasikia joto. "Ni yule mama. Hajawahi kumtaka Karambu. Chai yake ndiyo imefanya hivi."

"Kinanu, Mama Luke ni mtu wa kwaya."

"Kwaya haifungi mtu mkono."

Akamkataza Karambu kula kwa Mama Luke. Na Mama Luke huko kwa vitambaa vyake alikuwa anapimia wateja mita mbili na maneno mita kumi: "Mimi sijasema kitu. Lakini dada mkubwa ameachwa, hana mtoto. Dada mdogo anaolewa na mwalimu. Wewe piga hesabu mwenyewe." Huyu anaangalia yule, yule anaangalia huyu. Na mimi katikati nauza mandazi, nimesikia yote, nimenyamaza. Unacheka nini? Nilinyamaza!

Na kila siku saa saba, krr, krr. Kinanu sasa hakuwa anaketi ndani. Alikuwa anakaa na mimi kivulini, anaangalia mlango yake imefungwa, na chai inapoa kwa mkono. Kwa hiyo hakuwa anaangalia picha. Hapo ndipo alikosea.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ruracio, Mama Luke akatoa ile picha ya Karambu kwa ukuta apanguse. Akaona imefifia. Rangi yote imetoka, gauni ya kijani imekuwa kama moshi. Akaigeuza. Nyuma akapata kipande cha karatasi ya zamani, na jina KARAMBU kwa maandishi yamelala nyuma. Akaibandua na kucha. Na chini yake, Kate, kukawa na hayo maneno ya Kizungu ya mwaka elfu moja mia nane.

Woi. Wewe ungefikiria nini?

Alikuja akitembea katikati ya barabara, karatasi juu kama tikiti ya basi. Nyuma yake Luke, amemshika Karambu mkono, na Karambu amejifunika leso mpaka macho.

"Hii ni maandishi ya nani?" Mama Luke akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. "Wote hapa mnajua mkono gani unaandika hivi."

Kinanu alikuwa ameshika nyundo. Akaiweka chini polepole.

Karambu akashusha leso. Mimi nilirudi nyuma. Huo uso, mistari ilikuwa imejaa mpaka paji, imepindana na mashavu vizuri, kwa mpango, kama mtu ameipenda hiyo kazi. "Dada," akasema, "niambie si wewe."

"Ni mkono wangu. Lakini Karambu, mimi naandikanga kila..."

"Lakini nini?"

Kinanu akaangalia ile karatasi. Nilimwona akielewa. Kama mtu anakumbuka ameacha jiko ikiwaka na mtoto ndani.

"Umesikia mwenyewe," Mama Luke akasema. Akaangusha kipande kwa meza, wakaenda. Karambu hakuangalia nyuma.

Kinanu akabaki peke yake, akainua kichwa sasa, siku ya kwanza kwa wiki mbili, akaangalia ile picha vizuri. Kiti haikuwa tupu. Kulikuwa na mtu ameketi, gauni ni ile ya picha ya Karambu, na mikunjo yake yote, na mikono ya Karambu juu ya mapaja, na shingo, na kidevu, na mdomo, yote ya mistari. Macho tu ndiyo hayakuwa. Mahali pa macho kulikuwa karatasi nyeupe. Na wale wanne hawakuwa wanaangalia kiti tena, walikuwa wameangalia nje, kwake, kama watu wamesikia mlango ikifunguliwa.

Alitoka mbio. Mmethodisti, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mbio mpaka kwa Maalim Gedi! Huyu Maalim unamjua, anasomea watu wenye majini asubuhi, na mchana anachonga mihuri za maofisi kwa kibanda milango mbili kutoka hapo. Chifu anachonga kwake, shule zinachonga kwake. Akakuja na ile kioo yake ya kukuza na tasbihi.

"Salaam aleikum," akasema akiingia, na sikujua anasalimia nani, kwa maana Kinanu alikuwa nyuma yake.

Akaweka kioo karibu na picha. Akasoma kidogo kwa midomo. Akaenda mpaka kwa yule wa kona, akakaa hapo muda mrefu. Akashuka na jasho.

"Mama Kinanu, huyu ni mtu wa kazi yangu."

"Maalim?"

"Hawa hawatungi. Wananakili tu. Angalia anavyoshika chombo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nikichonga muhuri, siwezi kuanza bila jina la mwenyewe. Huyu alikuwa na majina yake hapo chini. Huyu alichora, huyu alichonga, hii ni ya fulani. Hayo ndiyo yalimwambia kazi yake ni hii na inaishia hapa. Yako wapi?"

Kinanu akamwonyesha kipande.

"Ulikata." Maalim akafunga macho. "Ulikata, ukageuza, ukampa jina mpya. Sasa anamaliza."

"Akimaliza?"

"Anachonga vile anaona. Ikitoka, inatoka kinyume. Mmoja anabaki ndani na mmoja anabaki nje, na watu hawajui ni yupi."

"Nichome?"

"Dada yako yuko nusu ndani. Utachoma nusu yake."

"Nifute jina?"

"Ukifuta, kiti iko na kazi imeanza na haina mwenyewe. Atachukua yeyote anapita kwa barabara. Usiguse. Naenda kuleta wanaume saba na maji, tusome sasa hivi."

Ilikuwa saa saba kasoro. Hao wanaume saba wote walikuwa wanatawadha. Maalim akatoka, viatu mkononi, anakimbia kwa mchanga moto. Na simu ya Kinanu ikalia. Luke.

"Dada." Alikuwa analia, mwanaume mzima. "Haoni. Anasema yote ni nyeupe. Anasema hakuna giza, ni nyeupe tu, kama karatasi."

Na hapo juu ikaanza. Krr.

Sasa sikiza, na usiache kukanda, kwa maana mimi nikisimama hapa sitamaliza: Kinanu alifunga mlango na komeo, akaketi kwa stuli, na harufu ya chuma moto ikajaa duka, na sauti haikuwa pole tena, ilikuwa haraka, krr krr krr krr, mtu anakimbizana na saa, na kwa karatasi nyeupe mahali pa macho ya dada yake akaona mstari wa kwanza ukiingia, mwembamba, kope, halafu wa pili, na akafikiria Karambu wa miaka sita akishika sketi yake kwa mazishi ya mama yao, akiuliza sasa nani atanisuka, na akavuta kile kipande, akavuta kalamu nene, akakata jina KARAMBU na mstari moja, na chini yake, na huo mkono wa kushoto walimchapia shule ya msingi mpaka wakachoka, akaandika KINANU.

Sauti ikakatika.

Na yule wa kona akageuka. Hakuruka, hakunguruma. Aligeuka tu kwa kiti yake, vile fundi wa nguo anageuka mteja akiingia, akamwangalia kutoka kichwa mpaka viatu. Akimpima.

Maalim alirudi na watu wake, akabisha, Kinanu akafungua. Mimi nilikuwa hapo nyuma yao, na unga kwa mikono. Kinanu alikuwa ametulia. Alikuwa amegeuza picha, uso umeangalia ukuta. Kile kipande cha majina amekirudisha kwa gundi, sasa nyuma ya hiyo picha ya mistari.

"Imeisha, Maalim," akasema. "Usiigeuze. Utamwamsha."

Na Maalim Gedi, si ni mtu? Alikuwa anaogopa. Alifurahi kusikia hivyo. Wakasoma mpaka alasiri, wakanyunyiza maji mpaka mandazi yangu ikalowa, na hakuna krr ilisikika. Luke akapiga simu: Karambu anaona. Kabla magharibi, mistari yote imeondoka, mdomo imekuwa nyekundu bila lipstick. Maalim alishukuru Mungu, na mji wote ulimsifu, hata leo watu wanatoka Merti kumtafuta.

Jumamosi ruracio ikafanyika. Mama Luke akamwangukia Kinanu shingoni mbele ya wazee, akalia, akaomba msamaha. Karambu alimshika dada yake hakutaka kumwachilia. Watu walikula! Mimi nilikuwa nimeketi hapo na akina mama, nacheka, Kinanu anagawa nyama. Akanifikia. Akanipa sahani.

Kwa mkono wa kulia.

Nikaangalia. Anakata nyama, kulia. Anafunga leso, kulia. Nikafikiri amejifunzia adabu kwa sababu ya wakwe. Nikamtania, "Haya, sasa Petero atafurahi."

Hakucheka. Aliniangalia kama mtu anajaribu kukumbuka Petero ni nani.

Tangu hapo mimi ninamwangalia. Niko mkabala, nina nini ingine ya kufanya? Jua hii ya Isiolo inapika mpaka chifu, yeye hatoki jasho. Maandishi yake siku hizi yanalala mbele. Akiinuka kwa kiti yangu, ninapata vumbi nyeusi mahali ameketi, kidogo, inang'aa. Ni mtu mzuri, sisemi ni mbaya. Anasalimia. Analipa mandazi. Karambu anakuja kumtembelea na hiyo tumbo yake ya miezi mitano, anamwekea miguu juu ya mapaja, na yeye anaisugua polepole, mstari mmoja juu, mstari mmoja chini. Ukimuuliza kuhusu ile picha anasema, "Picha gani?"

Najua unataka kuniuliza, Kate. Naona mdomo wako. Kama mlango ilikuwa na komeo, na Maalim hakuwa ndani, na Karambu alikuwa kwa Mama Luke haoni, mimi nilijuaje mambo ya kalamu? Mambo ya kope? Ya mtoto na sketi?

Juzi saa saba alienda kula, akaacha duka wazi. Siku hizi haogopi kitu. Nikavuka barabara. Nikaingia, nikapanda stuli na haya magoti yangu, nikageuza ile picha.

Kiti imejaa. Na aliyeketi ameshika kalamu nene kwa mkono wa kushoto.

Hakuongea haraka. Sauti yake ni ndogo, inakuja mstari kwa mstari, inabidi uweke sikio kwa kioo. Aliniambia yote tangu mwanzo, tangu boda ya Burat. Nikamwambia nitamwita Karambu sasa hivi, tutafanya kitu, tutatoa hiyo karatasi, tutaandika. Akanikataza. Alijua Karambu akisikia hatalala, atakuja na kalamu ataandika jina lake mwenyewe, na sasa wako wawili, yeye na huyo wa tumboni. Akasema nimwambie mtu yeyote, lakini si yeye. Ndiyo nimekuapisha na unga.

Kwa hiyo ukiulizwa ulisikia wapi, useme kwa shangazi yako. Na shangazi yako aliambiwa na Kinanu. Si yule unanunuanga fremu kwake. Ni yule amegeuzwa ukutani.